Mwaka Ambao Mzee Abundio Alishika Fimbo ya Odilón

Niliwaambia wenzangu ofisini ukurasa huu wa jarida letu niuandike mimi, kwani bila Mzee Abundio Faustino nisingekuwa na mume. Mume wangu! Wiki ya tatu hii tangu tufunge ndoa, na bado nacheka peke yangu kila nikiliandika neno hilo.

Mzee Abundio anastaafu tarehe 14 Oktoba, baada ya kuitumikia ofisi yetu ya masomo na kazi kwa vijana wa jamii ya Kiayuuk wa milima hii kwa miaka thelathini na mmoja. Alianza na meza moja na taipureta iliyokosa herufi A, akawa anaijaza kwa kalamu, jina kwa jina. Waliopita kwenye meza ile leo ni walimu, mafundi umeme, wauguzi, na daktari mmoja wa mifugo ambaye mgonjwa wake wa kwanza alikuwa punda wa Mzee mwenyewe. Punda yu hai.

Jumapili za soko tulimsikia kwenye kipaza sauti: "Ndugu zangu, nguruwe wa Mama Hermelinda amepotea. Na chuo cha uuguzi kina nafasi sita. Atakayempata nguruwe amrudishe. Atakayepata nafasi asirudi mpaka amalize!"

Odilón, ndiye mume wangu wa leo, alipata moja ya nafasi hizo. Lakini mkutano wa kijiji chao, ambacho ni cha Mzee pia, ulikuwa umeshamteua kuwa topil wa mwaka ule: kushika fimbo ya utumishi, kulinda kwa zamu na kutumwa huku na huko bila malipo, kama kila kijana anapofikiwa na zamu yake. Anayekwepa, jamaa zake hukosa sauti mkutanoni. Chuo nacho kisingemngoja. Mimi niliyemchapia fomu, na niliyekwisha kumpenda akiwa bado kwenye foleni, nililia mpaka fomu ikalowa.

Mzee akapanda mlimani hadi kijijini na barua ya chuo, kumwombea asamehewe mwaka ule. Mkutano ukaikataa. "Barua haishiki zamu, Abundio," wakamwambia.

"Basi nitaishika mimi."

Watu walicheka mpaka benchi zikalia. Mtu aliyewahi kuwa mkuu wa kijiji, arudi kuwa topil, ngazi ya chini kabisa! Lakini hapakuwa na desturi ya kumkatalia mtu kutumika, wakakubali.

Mwaka mzima, kila Ijumaa alifunga ofisi akapanda kijijini. Viongozi wa zamu, vijana wa miaka kumi na tisa, walimwamrisha kwa raha zao: "Abundio! Kafagie mahabusu!" Naye akajibu, "Ndiyo, wakubwa zangu. Mkichoka kunituma, mnijazie na hizi fomu." Watatu walijaza. Mmoja sasa anafundisha hisabati.

Odilón alimaliza chuo, akarudi, na sasa anatibu watu katika zahanati ya kijiji hichohicho. Mikono yake, jamani! Lakini hiyo si habari ya jarida.

Jumapili iliyopita mkutano ulimteua Rosendo, kijana wa mwisho aliyesaidiwa na Mzee, kuwa topil wa mwaka ujao, siku tisa baada ya kupata nafasi chuo cha misitu. Kabla mtu hajasema habari ya barua, Odilón alisimama. "Mwaka wake nitautumikia mimi." Nilikuwa nyuma na sahani ya tamale, vile vikate vya mahindi vinavyopikwa ndani ya majani, nikajua nyumba yetu mpya itakaa na fimbo nyuma ya mlango mwaka mzima. Sijawahi kumpenda kama dakika ile. Mzee akajifanya kukohoa, kisha akamtania: "Wewe hata sindano unaishika kama jembe, fimbo utaiweza?"

Mzee wetu, ofisi nzima inakushukuru. Kahawa yako izae, punda wako azidi kuishi, na magoti yako yapumzike. Zamu inaanza Januari, lakini mimi na Odilón tutafika kwako kabla Oktoba haijaisha, na mkate mtamu na fimbo mkononi, umwonyeshe inavyoshikwa.