Jaji wa Mkunjo wa Tano

Tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi kamili jioni, Jaji atavua aproni yake iliyokauka gundi na kustaafu, baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha uchapaji kwa miaka thelathini na minne na miezi miwili. Katika muda huo wote hakuchelewa kazini hata siku moja, hakuwahi kushona kitabu kichwa chini, na hakuwahi kukosa maoni.

Jina la Jaji hakupewa na wazazi wake. Alipewa na mama wa chai, ambaye kila siku saa nne asubuhi alimsikia akitoa hukumu juu ya kitabu anachokisoma kwa wakati huo. Kwa wasomaji wa jarida hili wasiowahi kuingia chumba cha majalada, ni vizuri tueleze. Sisi hukusanya kitabu kwa mikono. Karatasi kubwa hukunjwa ikatoa kurasa kumi na sita, na hizo kumi na sita tunaziita mkunjo. Wafanyakazi huizunguka meza ndefu, kila mmoja na rundo la mkunjo wake, na kitabu kinapopita mbele yako unaongeza wa kwako. Jaji alipangiwa mkunjo wa tano siku aliyoajiriwa, pale penye dirisha, na hakuhama. Mwanga wa pale ni mzuri, na mwanga mzuri unamshawishi mtu asome. Ndivyo ilivyotokea kwamba Jaji alisoma kila kitabu kilichotoka hapa, kuanzia ukurasa wa sitini na tano hadi wa themanini.

Hilo halikumpunguzia ujasiri. "Waandishi wa siku hizi hawajui kutambulisha watu," alikuwa akisema huku akipuliza chai. "Mtu anaingia tu, hata hodi hapigi, eti wewe umjue." Na miisho je? "Miisho ndiyo usiseme! Anakukatia katikati ya sentensi, anakwenda zake." Dada msahihishaji, ambaye husoma kila kitabu mara tatu kabla hakijachapwa na kwa hiyo hana hamu ya kukizungumzia, alimtazama tu akaongeza sukari. Vitabu vya watoto, ambavyo huishia ukurasa wa thelathini na mbili, Jaji aliviita "vitabu visivyo na kitu ndani".

Siku moja alikwenda na mkunjo wake chai, akausahau mfukoni, na nakala moja ikatoka bila huo. Mwalimu mmoja alituandikia barua kwa uchungu: ukurasa wa sitini na nne binti anachumbiwa, ukurasa wa themanini na moja ana watoto watatu na mume mwingine. Jaji alisomewa barua hiyo, akatikisa kichwa. "Mwambieni hajakosa kitu. Hapo katikati palikuwa panachosha."

Tulijua sote anachosoma. Hatukusema, maana wengi wetu tulikuwa tukiyabeba maoni yake hadi nyumbani na kuyatoa mbele ya mashemeji kama yetu. Asiyejua ni meneja. Meneja wetu ana kabati la vitabu lenye kioo, ambalo ufunguo wake umepotea tangu alipohamia, na alizoea kupita chumba cha chai na kuuliza kijuujuu, "Jaji, hiki vipi?" Jibu lilipanda naye ngazi hadi ofisini, na huko ndiko kulikoamuliwa kipi kichapwe tena na kipi kiachwe.

Mwaka jana akaja mkunga. Alikuwa amestaafu hospitalini, na riwaya yake, ya kwanza na pengine ya pekee, ilikuwa imemchukua miaka kumi na mmoja kuiandika. Nakala chache tulizochapa zilikuwa zimekwisha madukani. Ijumaa ya wiki hiyo meneja angeamua: kitabu kichapwe tena, au zile sahani za kuchapia kurasa zake zipelekwe kuyeyushwa. Wachapaji wengine wanne walikuwa wameshamkatalia. Kwa hiyo Jumatatu alikuja mwenyewe kuulizia, na alipofika mlango wa chumba cha chai alimkuta Jaji yuko katikati ya hukumu.

"Kitabu cha msiba kile! Analia mwanamke, analia mama mkwe, hadi dereva analia. Mtu ukitaka kulia si ukae na ndugu zako?"

"Kaka," mkunga akauliza kwa upole, "dereva anamlilia nani?"

"Marehemu."

"Marehemu yupi?"

"Ah, mama, mwandishi hakumtambulisha."

Tulicheka. Mkunga naye alicheka kidogo, kisha akauliza Jaji alianzia ukurasa gani. Jaji akakohoa. Mama wa chai ndiye aliyemjibia, bila kuondoa macho kwenye birika: "Sitini na tano, mama. Huyu hana mwingine."

Kicheko kilikatika. Mkunga alivuta kiti akaketi mkabala naye. "Kaka yangu, nimezalisha miaka ishirini na sita. Sijawahi kuona goti nikatangaza mtoto ana sura mbaya." Akatoa nakala yake kwenye mkoba, akaiweka kando ya kikombe cha Jaji. "Mwandishi ni mimi. Una siku nne. Ijumaa sema utakalo, ila kwanza ukutane nacho chote."

Jumanne Jaji alionekana akisoma ukurasa wa kwanza, na mama wa chai akamuuliza kama ana homa. Jumatano hakuja chai kabisa. Alhamisi alifika ukurasa wa sitini na nne. Hapo mtoto aliyezaliwa kimya, ambaye wote walikuwa wameshamfunika shuka, analia. Ukurasa wa sitini na tano mama yake anaanza kulia kwa furaha, mama mkwe anafuata, na dereva aliyewavusha kwenye mafuriko usiku kucha anaegemea mlango naye analia. Ule msiba wote wa Jaji ulikuwa uzazi. "Kumbe," alisema, na kwa dakika nzima chumba cha chai hakikusikia neno jingine kutoka kwake, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Ijumaa meneja alimwita. "Haya Jaji, hukumu."

"Bosi, niliyosema juu ya kitabu hiki si kweli. Nilikuwa nimesoma kurasa kumi na sita."

"Na vile vingine ulivyoniambia?"

"Kumi na sita, bosi. Vyote."

Meneja aligeukia kabati lake la kioo, pengine akivihesabu vitabu alivyoviua. Mwishowe akauliza, sasa hiki amekionaje? "Kisome, bosi," alisema Jaji. "Mimi nimeshasema vya kutosha." Meneja akaamuru kichapwe tena siku ileile, maana kukisoma kungechukua muda. Aliagiza pia jambo hilo lisitoke nje ya ofisi. Halikutoka, sote tulikuwa tumesimama mlangoni.

Tunaandika haya kwa heshima kamili. Kusimama mbele ya bosi na kusema "sikusoma" ni kazi ambayo hakuna mwingine wetu ameiweza, na mwandishi wa wasifu huu yumo. Tangu hapo Jaji huizunguka meza na kuwauliza wenzake, "Huko kwenu kumetokea nini?" Aibu imekuwa yetu, maana wengi tulikuwa hatujui.

Mkewe alituomba tafadhali tusimpe vitabu kama zawadi ya kuagwa. Tumempa vitatu. Mkunga naye ametuletea salamu: anaandika riwaya ya pili, inayomhusu fundi majalada mmoja mwenye mdomo, na sura ya kwanza iko tayari. Alimpelekea Jaji aitolee maoni. Jaji aliisoma, akaikunja, akairudisha na ujumbe wa maneno matatu: "Nasubiri hadi mwisho."

Asante, Jaji, kwa kazi yako na kwa uzi wako usiokatika. Nenda salama nyumbani. Tunakutakia siku njema nyingi, moja baada ya nyingine, bila kuruka hata moja.