Mlango wa Chini Umekauka

Sogeeni kitandani wanangu, na wewe kifungua mimba wangu ingia, acha kusimama mlangoni kama mdai, maana sauti yangu haifiki mbali tena na mvua hii juu ya mabati inanimeza maneno. Nyumba namwachia dada yenu, shamba mgawane ninyi wanaume wawili, hayo hayaninyimi usingizi. Kinachoninyima usingizi ni mgodi.

Asubuhi umeingia hapa, mwanangu mkubwa, umejaa kicheko: "Mama, mlango wa chini umekauka! Maji yameisha, sasa tutaifikia fedha ya baba." Mvua inanyesha mlimani wiki nzima, halafu maji yameisha? Yamekwenda wapi, baba?

Sikilizeni. Fedha ya mlima huu ililetwa na maji. Mpima miamba aliyepanga chumba chetu cha nje alinieleza huku nikimenya viazi, akachora kwa mkaa sakafuni, nami nikamgombeza: zamani sana, kabla ya mtu yeyote, maji ya moto yalipanda kutoka tumboni mwa ardhi, yakapenya nyufa za mwamba mweusi, yakapoa humo na kuacha ule mshipa mweupe wenye fedha. Nyufa nyingine hazikuziba, ndizo zinazokunywa mvua mpaka leo. Wageni waliochimba enzi za babu yenu walianzia juu, wakaufuata mshipa ukishuka hadi maji yakawashinda, ndipo wakatoboa njia nyingine ubavuni, huku chini, ndio huo mlango wa chini, ili maji yajitokee yenyewe. Bei ya fedha ilipoanguka wakafungasha mashine zao, wakatuachia shimo.

Na maji yale yana kutu ya mwamba, yanaacha tope jekundu, zito kama uji uliolala, linaganda mpaka njia inaziba. Baba yenu, yule waliyemwita Fuko, kila masika aliingia na bomba refu la chuma kuizibua. Watu wakimcheka, "Fuko, unafagia shimo lisilo na mali!" Naye anawajibu, "Mlima huu ni kama mama mkwe wangu, akinyamaza ndiyo najiuliza nimekosa nini." Hakuwa akitafuta fedha kule, wanangu. Alikuwa akimlinda fundi cherehani aliye chini ya mlango huo na wote waliojenga bondeni. Tangu tumzike, hakuna aliyeingia.

Kwa hiyo maji hayajaisha. Yamesimama nyuma ya tope, na yanapanda, na tope likishindwa yatashukia bondeni yote kwa mkupuo.

Najua ninyi wawili hamsemezani tangu winchi ya baba yenu iuzwe. Mdogo anasema kaka hakumwuliza, mkubwa anasema mdogo hakuonekana baba alipougua. Kila mmoja ana lake, na mimi sina pumzi ya kuwaamua. Ila kazi ile si ya mtu mmoja: mmoja anazibua, mwingine anashika kamba nje na kutega sikio, akisikia mngurumo anavuta bila kuuliza. Kamba ya baba yenu niliishika mimi. Mgodi nawaachia wote wawili, haugawanyiki, na asiyeweza kuuweka uhai wake mikononi mwa ndugu yake aseme sasa hivi nimsikie.

Hakuna? Haya.

Nipe maji kidogo, binti yangu... Yanatosha. Wewe shuka bondeni, anza kwa fundi, ana mguu mbovu, kisha piga kelele nyumba kwa nyumba, wapande kilima cha shule. Wakibisha, waambie mke wa Fuko amesema. Na ninyi, msiliguse tope mpaka dada yenu awapungie shuka kutoka kilimani. Msisimame mbele yake. Kuna kishubaka ubavuni, juu kidogo, baba yenu alikichonga mwenyewe. Mdogo ajibanze humo, ni mwembamba, atoboe kidogo, aache livuje, atoboe tena. Mkubwa... ashike kamba.

Hapana, msiniangalie hivyo. Mnataka kukaa nami. Kufa nitakufa tu, sihitaji wa kunisindikiza. Fedha... ikae ilipo.

Nimewaridhia wote watatu. Mungu awatangulie humo gizani... miguu yenu isiteleze... na mshikane, mnasikia? Mshikane.

Nendeni, basi. Mlango huu wa chumba uacheni wazi. Maji yakianza kutoka... nitayasikia.