Meno ya Gari la Saburi

Wakati ule wa Mwingereza, Hamugembe, hapa Bukoba, kulikuwa na benchi la mbao mbele ya meko ya Ayubu muuza kahawa. Watu wa kwetu kahawa walikuwa wakiitafuna. Ayubu, ambaye baba yake alitoka pwani, ndiye aliyewafundisha kuinywa, na walipokwisha kujua hawakuinuka tena. Hapo ndipo gari la Saburi wa Miembeni lilipoletwa limezimika, asubuhi ya harusi ya Elieza. Lilikuwa gari kuukuu, la tangu kabla ya vita vya Hitla. Lilikuwa limeondoka vizuri na watu wa harusi, likafika kilimani, likachemka kama sufuria ya ebitoke, ndizi zetu za kupika, watu wakashuka wakalisukuma kulirudisha. Ubavuni mwake alisimama Kokugonza, shangazi yake Elieza, aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Bibi harusi, Celina, alikuwa anangoja Buganguzi, mwendo wa saa mbili na nusu. Mchungaji wa huko alishasema kinaganaga: saa nane anapanda baiskeli yake kwenda mitaa ya mbali, na harudi mpaka Pasaka ipite. Sasa ilikuwa saa nne.

Mbele ya gari, kutoka taa hii hadi taa ile, palikuwa pamefungwa mkeka mpya wa rangi tatu. Kokugonza alikuwa ameusuka mwezi mzima. Bibi harusi wa Kihaya hufunikwa uso akipelekwa kwa mumewe. Basi na gari linalokwenda kumchukua, alisema Kokugonza, haliwezi kufika ukweni limekenua yale meno yake ya chuma. Wote walisema hiyo ndiyo adabu.

Wa kwanza kusema kijiweni alikuwa Rugemalira. Walimwita Hakimu, kwa kuwa aliwahi kufagia baraza la mahakama akatoka na sheria zote.

— Gari hili halikuelezwa linakwenda wapi. Lilipofika kilimani likashtuka.

— Hakimu, hilo ni bati, akasema Saburi.

— Hata bati lina haki ya kuelezwa.

Mujuni akainuka na kikombe chake. Huyu alikwenda vitani Burma na Keya, jeshi la Mwingereza, akarudi na spana moja isiyoingia nati yoyote ya Bukoba, kwa hiyo jina lake likawa Spana.

— Nipisheni. Burma nimeona malori mia yakichemka. Saburi, maji uliyotia ni ya wapi?

— Ya ziwani.

— Si ndiyo hayo! Maji ya ziwa hayataki kilima. Wewe unayapandisha, yenyewe yanataka kurudi kwao, yanagombana humo ndani. Joto mnaloliona ni la ugomvi.

— Na huko Burma mlitia maji gani? akauliza Ayubu.

— Burma... Burma kulikuwa na mvua.

Kokugonza alitikisa kichwa kukubali pamoja na wengine. Hakuelewa kitu, lakini mtu aliyefika Burma utamkatalia vipi?

— Mimi nasema ni honi, akasema Ayubu akimimina. Tangu Miembeni Saburi anakuja paa, paa, paa! Pumzi ya gari ni hiyo hiyo moja. Umeimaliza kwenye honi, injini ipumue nini?

— Kwa hiyo nije harusini kimya kama nimebeba jeneza?

— Ungepiga nusu.

Kokugonza alitazama jua, akamtazama Elieza aliyesimama na suti ya kuazima, jasho likimtoka.

— Waitu jamani, mchungaji hangoji mambo ya honi. Linakwenda au haliendi?

— Mama, shauri halijaisha, akasema Hakimu. Saburi, gari hili limebeba maharusi wangapi?

— Kumi na mmoja.

— Na lenyewe limeoa?

— Hakimu!

— Jibu swali.

— Halijaoa.

— Basi lina wivu. Leo mmelipamba, mmelifunga mkeka, likajua zamu yake imefika. Kumbe anaoa Elieza. Hata mimi ningechemka!

— Basi tuko wawili, Baba Hakimu, akasema Elieza. Mimi nangoja mwaka wa tatu.

Benchi likacheka, Kokugonza hakucheka. Rejeta, lile tangi la maji ya kupozea injini nyuma ya meno ya gari, ilikuwa imekauka, debe la maji lilikuwa tupu, na kisima kilikuwa chini bondeni. Macho ya wote yakageukia birika la Ayubu.

— Kahawa inatoa jasho, akasema Spana, na mtu akitoka jasho anapoa.

— Hiyo ni ya watu! Ayubu akalikumbatia birika.

— Ayubu mwanangu, akasema Kokugonza polepole, mtoto wangu anaoa leo.

Birika likamiminwa lote katika rejeta, likafuata la pili. Saburi akawasha. Gari likaunguruma, likanukia tangawizi mtaa mzima, likaenda hatua ishirini, likaachia mvuke, likanyamaza. Kahawa ikawa imekwisha kijiweni, na ndani ya gari pia.

Ndipo akapita Kokwijuka, mama wa shambani asiyepata kupanda gari maishani mwake, mkungu wa ndizi kichwani. Akalizunguka gari, akasimama mbele yake.

— Mae! Na lenyewe linapumulia wapi?

Spana alitazama spana yake. Hakimu aliinamia kikombe chake kitupu. Saburi, aliyeliendesha gari lile miaka tisa, alipata kazi ya kuchunguza kiatu chake.

Kokugonza aliutazama mkeka. Ukingo wake wa juu ulikuwa umelowa mvuke, na haukuacha hata tundu la kupitisha upepo. Akawatazama wanaume wa benchi, mmoja mmoja.

— Mlikuwa mnajua?

Ayubu akaanza kukusanya vikombe.

— Mlijua, mkakaa mnakunywa kahawa!

— Mama, akasema Spana, nani hapa angemwambia shangazi wa bwana harusi avue mkeka wake? Tulikuwa tunazunguka mbali, ili tufike hapo kwa heshima.

Kokugonza akazifungua kamba mwenyewe. Wanawake wakakimbilia kisimani, wakarudi na maji. Saa tano na robo gari likapanda kilima bila hata kukohoa. Njia nzima shangazi alikaa karibu na dereva, na Saburi hakuthubutu kugusa honi. Walipofika penye njia ya kuingilia ukweni, Buganguzi, akasema:

— Simama. Geuza.

— Nigeuze twende wapi, mama, na tumefika?

— Huko huko. Ila liingie kinyumenyume. Meno yake sitaki wayaone.

Mchungaji alikuwa ameshaweka mguu mmoja kwenye pedali alipoona gari la harusi likiingia kati ya migomba kwa matako, dereva ameipinda shingo, bwana harusi akichungulia dirisha la nyuma. Akaushusha mguu ule. Babu yake Celina, aliyekuwa amekaa mlangoni na fimbo yake, akamgusa mwenzake.

— Unawaona watu wa Bukoba? Hata gari lao limefunzwa kutomtazama mkwe usoni.