Mifupa Saba ya Shingo ya Twiga

Wasikilizaji wapendwa, damu ya pweza ina rangi gani? Piano ina vitufe vingapi? Kama umejibu buluu, na themanini na vinane, basi huenda uliwahi kuketi katika ukumbi wa kanisa pale Kitengela, Jumamosi alasiri, miaka ile ya tisini. Na kama uliketi pale, unamjua tunayemkumbuka leo. Zablon Ojwang. Karani wa stoo katika kiwanda cha saruji, na mwuliza maswali wa Kitengela. Ametuacha wiki iliyopita, akiwa na miaka sitini na mitatu.

Hakuwa mwalimu, lakini wote walimwita Mwalimu. Alianzisha shindano la maarifa mwaka wa 1993. Maswali aliyatoa wapi? Kwa bucha, wasikilizaji! Nyama ilifungwa kwa magazeti ya zamani, naye Ojwang alifika nyumbani, akampa mkewe Dolphine nyama, akaanika gazeti kwenye kamba ya nguo. Likikauka, ananakili maswali ya chemshabongo na majibu yake kwenye daftari lake.

"Majirani walidhani nimechanganyikiwa," anasema Mama Dolphine. "Shuka kando, gazeti la damu kando."

Daftari hilo lilikuwa na sheria moja, na sheria ni yake mwenyewe: jibu la daftari ndilo jibu. Hakuna kubishana. Watu walimheshimu kwa hilo. Sheria hiyohiyo ndiyo iliyomtia mashakani.

Ilikuwa fainali ya mwaka wa 1997, katika ukumbi wa mji, Kajiado. Watu mia tatu. Waliobaki jukwaani ni wawili, na mmoja wao ni Sadiyo, msichana wa miaka kumi na sita, binti wa Mzee Siyad, mfanyabiashara wa mifugo. Ojwang akauliza: twiga ana mifupa mingapi ya shingo?

Sadiyo hakusita. "Ni saba, Mwalimu. Mbuzi iko na saba. Ngamia iko na saba. Twiga pia."

Ukumbi ukacheka. Shingo yote ile, mifupa saba? Ojwang akatazama daftari. Daftari lilisema ishirini na tano. "Umekosa," akasema. Sadiyo akafungua mdomo ajitetee, naye akainua mkono kumnyamazisha. Sheria ni sheria.

Tangu siku hiyo, shuleni walimwita Ishirini na Tano. Hakuinua mkono darasani tena. Mwaka uliofuata familia yake ikahamia Namanga, naye akaacha shule.

Ojwang akasahau. Hebu tuseme ukweli, hata sisi tungesahau. Kisha ukaja ukame wa mwaka 2000. Wanyama walikufa kwenye tambarare nyuma ya Kitengela. Jumapili moja, akitoka kanisani na binti yake Cindy, akaona mzoga wa twiga. Jua lilikuwa limeshamaliza kazi. Shingo imelala chini, mifupa bado imeshikana kwa ngozi kavu.

Akapiga magoti na suti yake ya kanisa. Akahesabu. Saba. Akahesabu tena. Saba.

"Alihesabu mara tatu," anasema Cindy. "Halafu akaniambia, 'Cindy, nimemkosea mtoto wa watu.'"

Nyumbani alilichimbua gazeti lenyewe kutoka kwenye sanduku. Lilikuwa limeraruka vipande viwili. Alikuwa ameunga swali la kipande kimoja na jibu la kipande kingine. Ishirini na tano ilikuwa shingo ya bata maji.

Akasukuma sahani kando. "Nikamwambia, Baba Cindy, si ni mfupa tu," anasema Mama Dolphine. "Akasema, si mfupa, ni mtoto."

Akaenda soko la mifugo Kajiado, akaulizia. Akaelekezwa Namanga. Akamkuta Sadiyo nyuma ya kaunta ya duka la babake, sasa ana miaka kumi na tisa. Akaomba msamaha. Sadiyo akaendelea kupima sukari.

"Uliniambia nimekosa mbele ya watu," akasema. "Sasa unakuja kuniomba msamaha hapa kwa duka, tukiwa wawili? Hapana, Mwalimu."

Ojwang akaamua kukiri kosa mbele ya ukumbi. Wanakamati wa shindano walimkanya. Bwana Irungu, mweka saa wa shindano, alimwambia wazi: ukikubali ulikosea, nani ataliamini daftari tena? Ojwang alijua Irungu anasema kweli. Shindano lile lilikuwa jina lake, heshima yake, kila kitu alichokuwa nacho nje ya stoo ya saruji. Akaandika barua za mwaliko kwa mkono, moja moja.

Oktoba 2000. Ukumbi uleule wa Kajiado. Ojwang akamwita Sadiyo jukwaani, akasoma swali lilelile.

"Saba," akasema Sadiyo.

"Umepata. Na mwaka wa tisini na saba ulikuwa umepata. Aliyekosa ni mimi." Kisha akamkabidhi Bi Margaret wa kamati daftari, akashuka, akaketi na watazamaji. Hakuuliza swali tena maishani. Akawa mshindani wa kawaida, na maswali ya muziki yalimtoa jasho!

Juzi mazishini, Sadiyo alisimama. Alisema maneno machache tu: "Nilirudi shule mwezi uliofuata. Nilikuwa nimeacha kujiamini, yeye akanirudishia."

Mama Dolphine, Cindy na jamaa wote, tunalia pamoja nanyi, na Mwenyezi Mungu awashike mkono siku hizi ngumu. Nawe msikilizaji uliye kando ya redio, kuna mtu uliyemwambia amekosa, kumbe alikuwa amepata? Kama yu hai, na unajua anakoishi, zima redio uende.