Kalori Nilizowapa Sungura

Wenzangu wa kikundi chetu cha wenye sukari, na wewe sista wa lishe uliyekubali kukaa nasi hapa ukumbini leo, nawasalimu. Mniwie radhi, nitasoma. Nikisimama mbele ya watu maneno yananikimbia, kwa hiyo nimeyaandika kwa daftari, na ni daftari lile lile ambalo habari zake nitawapa. Shule niliishia darasa la saba, na somo lililonishinda kabisa lilikuwa hesabu. Mtaona kwa nini nimeanza na hilo. Majina ya watu sitataja, hata la yule ninayemsifu, kwa sababu ndivyo tulivyokubaliana hapa.

Mnanijua mimi ni mchongaji. Wengine wenu mna miko yangu jikoni. Lakini hamjaniona nikifanya kazi, kwa hiyo niwaeleze. Nakaa chini kwenye gunia, miguu mbele, na kipande cha mti nakisimamisha kati ya nyayo zangu. Mkono wa kulia una tezo, yaani kile kishoka chetu kidogo cha kuchongea. Kinachozuia mti usizunguke nikiupiga ni kidole gumba cha mguu wa kushoto. Marehemu baba alinifundisha hivyo kule kwetu Ukambani, na sijui njia nyingine. Mchongaji asiye na kidole hicho ni kama fundi wa nguo asiye na mkasi. Kumbukeni kidole hicho, nitakirudia.

Nilipoambiwa nina sukari, sikulia. Mama watoto ndiye aliyelia. Kliniki nikapewa dawa na karatasi yenye picha za vyakula na kalori zake, nikaambiwa nipunguze uzito na niandike kila ninachokula. Kuandika kulinipendeza. Nilinunua daftari, nikapiga mistari kwa rula, nikaanza. Ugali kipande hiki, sukuma wiki, chai bila sukari. Soda niliacha siku hiyo hiyo, na hilo naweza kulisema bila aibu.

Binti yetu anayekaa mtaa wa Pipeline aliposikia soda nimeacha, alifurahi, akatuletea blenda. Nataka niseme wazi kwamba binti hana kosa. Alileta kwa moyo mzuri, na alichoniambia ni hiki tu, "Baba, sasa utakuwa unakunywa kitu fresh." Hakuniambia ninywe jagi zima. Hilo nililiongeza mwenyewe.

Sasa sikieni jagi langu. Machungwa matatu, maembe mawili makubwa, karoti nne, bitiruti moja, maji kidogo. Nilikuwa nanunua soko la Jericho asubuhi, nasaga, nachuja kwa kile kichungi cha chai, halafu nakunywa nusu kabla ya kazi na nusu nikirudi. Mama watoto aliionja mara moja akasema, "Mzee, hii ni tamu kuliko ile soda uliyoacha." Nikamwambia ni utamu wa Mungu, huo hauna shida. Ndugu zangu, nilimjibu hivyo na kifua mbele.

Kwa karatasi ya kliniki nilipiga hesabu. Chungwa kalori sitini, embe mia mbili, karoti ishirini na tano, bitiruti arobaini. Jumla ikanipa mia saba na ishirini. Nikashtuka kidogo. Halafu nikaangalia kichungi. Mle ndani kulikuwa na rundo la makapi, jekundu, zito. Nikajiambia, ngoja kwanza. Haya siyanywi.

Hapa ndipo ufundi wangu uliponidanganya, na nawaomba msicheke kabla sijamaliza. Kazi yangu yote ni kutoa. Ukinipa gogo la kilo kumi, nikalichonga mpaka likawa twiga, twiga atakuwa kilo tatu. Zile saba ziko chini, ni vipande na unga wa mbao. Hakuna mtu atakayebeba twiga huyo na kusema ana uzito wa gogo. Basi nikaona juisi ni hivyo hivyo. Nikapima makapi kwa mizani ya jirani, nikaona yamezidi kidogo nusu ya matunda niliyotia. Nikaandika kwa daftari, "Jumla 720. Toa makapi, nusu. Imebaki 360." Nikapiga mstari chini. Niliona nimefanya haki kabisa, maana hata kwa kile kidogo kilichozidi nusu sikujipendelea, nilisema nusu tu.

Mizani ilikuwa ya jirani yetu anayefuga sungura nyuma ya nyumba. Na kwa kuwa makapi yapo, tukapatana awe anayachukua kila asubuhi. Kwa hiyo kwa akili yangu, kila siku kalori mia tatu na sitini zilikuwa zinakwenda kwa sungura.

Miezi ikapita. Uzito haukushuka, ulipanda. Sukari ilikuwa kumi na moja, ikawa kumi na nne, ikafika kumi na sita. Daftari langu lilikuwa safi, na mimi nilikuwa nikiumwa. Badala ya kushuku daftari, nilimshuku mama watoto. Nilimwambia mbele ya binti yetu kwamba anatia mafuta mengi kwa mboga nikiwa siko. Akaniuliza, "Umeniona?" Nikasema hapana. "Basi andika kwa daftari lako kwamba hujaniona." Na kweli nililiandika, liko hapa, ukurasa wa kumi na nane. Leo namwomba msamaha mbele yenu kwa sababu nilimshtaki mbele ya mtu. Yuko pale nyuma. Amesema ameshanisamehe, lakini nafikiri bado kidogo.

Siku moja alikuwa anapiga deki sebuleni, akaniita kwa ukali. "Mzee, umemwaga bitiruti nyumba nzima." Nikaangalia. Matone mekundu kwenye sakafu, moja baada ya lingine, kutoka mlangoni mpaka kwenye kiti. Nikasema pole, nitafuta. Akainama afute mwenyewe, akafuata tone hadi tone, akafika kwenye kandambili yangu. Akauinua mguu wangu. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Hii si juisi."

Kibanzi cha mti kilikuwa kimeingia chini ya kidole gumba cha mguu wa kushoto, kirefu kama njiti ya kiberiti. Nilikuwa nimetembea nacho kutoka kibandani ninakochongea, njia yote, na sikuhisi kitu. Wenzangu, hiyo ganzi ndiyo iliyonitisha, kuliko damu. Mimi nimekitumia kidole hicho miaka thelathini na kimekuwa kikiniambia mti umekaa vipi. Sasa kilikuwa kimenyamaza, na sijui kilikuwa kimenyamaza tangu lini.

Kidonda hakikufunga. Wiki ya pili kikageuka rangi. Daktari wa kliniki, kijana mpole, alikisafisha, akaniongezea dawa, kisha akaniambia bila kuzungukazunguka, "Mzee, na sukari ya kumi na sita hiki hakiponi. Nakupa mwezi mmoja wa kuishusha. Isiposhuka na kidonda kikazidi, nitakutuma hospitali kubwa, na huko wanaweza kukikata kidole." Nikamwonyesha daftari. Akalipitia haraka, foleni ilikuwa ndefu, akasema, "Unakula vizuri. Sielewi." Simlaumu. Nilikuwa nimeandika "juisi 360", na yeye alisoma nilichoandika.

Niliporudi nyumbani nilikaa mlangoni na mguu umefungwa bandeji nyeupe. Jirani wa sungura akaja kuchukua makapi yake. Huyu ni mtu wa maneno mengi, na kusema kweli sikuwa nampenda sana. Akaangalia ndoo, akakuna kichwa.

"Mzee, usinielewe vibaya," akasema, "lakini makapi yako ni bure tu."

"Bure namna gani? Hayo yana kalori mia tatu na sitini."

"Ya nani? Sungura wangu wanakula haya kama wanakula gazeti. Nikiwapa ganda la embe la yule mama wa kona, wanapigana. Yako wanayaangalia kama wageni wameletewa chai ya rangi. Tangu nianze kuwapa, hakuna hata mmoja amenenepa." Akaniangalia kuanzia chini mpaka juu. "Wewe ndiye umenenepa."

Akacheka, akaenda na ndoo yake. Mimi sikucheka. Nilikasirika, nikataka kumwita nimjibu. Badala yake nikataka kujua kama anasema kweli. Nikaingia ndani. Kwenye kichungi kulikuwa kumebaki makapi kidogo. Nikachukua kwa vidole, nikatia mdomoni, nikatafuna.

Ndugu zangu, hayakuwa na ladha. Nilitafuna, nikatafuna, nikawa natafuta yale maembe mawili siyapati. Ladha yake naijua. Kila mchongaji amewahi kumeza unga wa mbao upepo ukivuma, na makapi yale yalikuwa unga wa mbao wenye rangi nyekundu. Kisha nikachovya kidole kwenye jagi, nikalamba. Utamu wote ulikuwa pale. Hakuna kilichotoka. Nilichotoa ni mti, na nilichobakiza ni sukari ya matunda yote, nikainywa mara mbili kwa siku, kila siku, karibu miezi mitano.

Nilikaa na hilo daftari nikasikia aibu ambayo sijui niiandike vipi. Nilifikiria kulichoma. Mama watoto akasema, "Usichome. Peleka." Kwa hiyo kesho yake nilimpelekea huyu sista wa lishe aliyekaa hapa mbele. Nilimwonyesha ule mstari, "toa makapi, nusu." Aliusoma mara mbili.

"Baba, hii nusu ulimpa nani?"

"Sungura."

Alicheka kidogo. Najua ananisikia, na nasema alicheka kwa sababu ni kweli, lakini alicheka kama dada anavyomcheka kaka yake. Akachukua kalamu, akakata nusu yangu kwa mstari mmoja, akaandika 720 juu yake. Akarudi nyuma, ukurasa hadi ukurasa, akinikatia nusu zangu zote. Halafu akaniuliza, "Ungeweza kukaa chini ukatafuna machungwa matatu, maembe mawili, karoti nne na bitiruti, kwa siku moja, halafu kesho tena?" Nikasema taya zingeniuma. Akasema, "Basi. Taya ndizo zinazokuambia imetosha. Glasi haikuambii." Akanieleza kwamba yale makapi niliyokuwa nayatupa ndiyo yanayoufanya utamu uingie mwilini polepole, na yanayoshibisha tumbo.

Hakunikataza matunda. Alinipangia chungwa moja la kutafuna, embe kipande na si kila siku, karoti mbichi mkononi, bitiruti ya kuchemshwa pamoja na mboga. Blenda ipo bado. Mama watoto anasagia nyanya na dania.

Mwezi ule nilihesabu vizuri. Nasema nilihesabu vizuri, lakini nina mashaka na mimi mwenyewe, kwa hiyo kila Jumapili nilimpa mama watoto daftari alikague. Sukari ikashuka kumi na mbili, ikaja tisa. Kidonda kikaanza kukauka pembeni, kikajivuta ndani. Siku ya kurudi, daktari alifungua bandeji, akakibonyeza kidole hapa na pale, akasema hanitumi popote.

Sasa niwe mwaminifu. Sitaki mtu aondoke hapa akisema ni kuacha juisi kulikoniponya. Kulikuwa na dawa alizoongeza daktari, na kulikuwa na kusafishwa kidonda kila siku ya pili. Sijui kila kimoja kilifanya kiasi gani, na sitagawanya nusu kwa nusu, maana mmeona nusu zangu. Ganzi pia haijaisha yote. Sasa nachonga na kiatu kigumu, na kila nikimaliza kazi mama watoto anaangalia nyayo zangu kwa tochi kama anayetafuta sindano.

Kwa hiyo nashukuru. Namshukuru daktari aliyeniambia ukweli wa kidole bila kunibembeleza. Namshukuru sista aliyekata nusu zangu bila kunikata moyo. Namshukuru binti, na blenda yake. Namshukuru mama watoto, aliyefuata matone hadi kwenye mguu wangu baada ya mimi kumwonea. Na namshukuru zaidi jirani wa sungura, kwa sababu yeye ndiye aliyejua kwanza, na alijua kwa kuangalia wanyama wake tu. Nilimwambia hivyo juzi. Akasema, "Basi niletee maganda ya embe." Nampelekea, machache, maana embe nakula kipande.

Kama nina funzo la kutoa, na sijui kama mtu kama mimi anafaa kutoa funzo, ni hili. Ukiandika unachokula, mpe mtu mwingine asome, hasa pale ulipopunguza. Mimi nilikuwa mkweli kwa kila mstari isipokuwa ule mmoja ulionipendeza. Na ukinywa juisi uliyotengeneza mwenyewe, andika matunda yote yaliyoingia, hata yale unayoona yamebaki kwenye kichungi.

Nitamaliza kwa kusoma nilichoandika leo asubuhi, kabla sijaja hapa. Nilikuwa kibandani, nimekaa kwenye gunia, twiga mdogo akiwa kati ya miguu, na kidole, ndani ya kiatu chake kigumu, kimemshika vizuri.

"Jumamosi. Chungwa moja, nimelitafuna. Kalori sitini. Sijatoa kitu."