Mnara Nilioung'ang'ania

Sogeeni, wanangu, na fungeni kwanza hilo pazia, maana kivuli cha mapanga ya mnara kinanipita usoni tangu asubuhi na sina tena nguvu za kugeukia ukutani. Leo msinikatize.

Mnara huu wa umeme wa upepo umetulea, sitaukana. Kodi ya ardhi tunayolipwa na kampuni ndiyo iliyomsomesha dada yenu mpaka akawa fundi wa mitambo hiyohiyo, na zahanati imeacha kuzalisha akina mama kwa kandili. Lakini miaka kumi na tisa sijalala usingizi wa maana kwa mvumo wake, ndege nimewaokota chini yake kwa ndoo, na lile panga lililovunjika liko nyuma ya jiko mpaka leo. Tulijaribu kulikata likamaliza misumeno, mnunuzi wa vyuma chakavu akalicheka kwamba si chuma, marehemu mama yenu akaishia kulianikia nguo.

Imebaki miaka sita uzimwe. Siku hiyo unakuwa wetu, na kuushusha kunataka winchi ambayo hata tukiuza shamba hatuilipi, na shamba lenye mzigo huo nani atalinunua? Tumenasa. Siku zote niliwaambia mjomba wenu, karani wa kampuni, ndiye aliyetuuza. Niliwadanganya. Kampuni ilikuwa tayari kuubomoa yenyewe. Mimi ndiye niliyegonga meza, nikasema ukizeeka uwe mali yangu, vyuma vyote vile! Mjomba alinishika mkono nisitie sahihi, nikamwita hasidi, nikamfukuza mbele yenu. Naona aibu.

Mwezi uliopita nilimwita. Alikuja, akakaa hapo ulipokaa wewe, kifungua mimba wangu, akaniandikia barua: kodi yote iliyobaki ibaki kwa kampuni, iwe ya kuushusha na kuuondoa. Wamekubali, nami nimetia sahihi. Najua wewe ulishachagua lori, na mdogo wako anangoja kuoa. Hamtapata hata senti. Nyamaza, sijamaliza.

Lile panga hawalichukui, halimo kwenye karatasi. Zege la msingi wake nalo litabaki chini. Juu yake pandeni mchicha, msipande miti. Mjomba wenu mwamkieni kama zamani... Maji... Basi, inatosha.

Mungu awape ardhi isiyo na... awape usingizi, wanangu. Radhi zangu mnazo, nyote. Mkitaka kunikasirikia, kasirikeni, mna haki. Tokeni nje mkaseme yenu... Halafu mmoja wenu, yeyote, arudi... anishike mkono.