Kaka Yetu Seremala na Mabenchi Aliyokataa Kuyakalia

Aliyelala mbele yetu ni kaka yangu mkubwa. Alizaliwa tarehe 9 Juni 1963, mtoto wa pili wa marehemu baba yetu, mpasua mbao, na mama yetu, ambaye tunaye hapa. Mama anasema alitanguliza miguu, na tangu siku hiyo hakufanya jambo kwa sababu tu wenzake wanalifanya.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1978 katika shule ya parokia. Hesabu alikuwa moto, kuandika alikuwa hoi. Barua zake zote niliandika mimi, pamoja na zile zilizomlainisha wifi yangu. Wifi alijua mwandiko ni wangu, akajifanya hajui. Walifunga ndoa Agosti 1988, wakajaliwa watoto wanne.

Mwaka 1980 aliajiriwa kwenye karakana ya samani iliyo nyuma ya kanisa, na hapo alibaki hadi mapafu yalipogoma. Jioni alikuwa katekista. Padre alipotupatia semina juu ya mafundisho ya Kanisa kuhusu mali na mshahara, wengine tulisinzia. Kaka aliyabeba mpaka kazini. Alifundisha kwamba dunia Mungu aliwapa watu wote, na tajiri ni mtunzaji tu wa fungu aliloshika. Alisema mshahara usiolisha familia si wa haki hata kama mfanyakazi aliukubali, maana mwenye njaa hukubali chochote.

Mwaka 2009 mwenye karakana alitangaza kulizawadia kanisa mabenchi mapya. Mafundi waliyatengeneza siku za Jumamosi, bila ujira. “Tunamtolea Mungu,” aliwaambia. Wao walitoa Jumamosi zao, yeye akatoa jina lake, likachongwa kwenye kibao cha shaba, kila benchi na chake.

Jumapili ya kuyabariki, kaka alisimama ukutani. Bosi akamgeukia na meno yote nje: “Fundi, kaa bwana! Nafasi tele.”

“Nitakaa bosi, siku utakayotulipa Jumamosi zetu.”

Padre akamnong’oneza, “Katekista, usituaibishe.”

“Padre, mimi nafuata somo lako.”

Padre yupo hapa, anakumbuka. Jumamosi hazikulipwa, na kaka hakukaa. Misa zote, harusi, hata ubatizo wa wajukuu wake, alisimama ukutani kama ngazi.

Kikohozi kilimwanza mwaka 2021. Mafundi walikuwa wameomba barakoa kwa ajili ya vumbi la mbao, wakaambiwa wafunge leso. Leso! Miguu ilipomwishia nguvu, alikuja misani na kigoda chake cha jikoni. Alifariki Jumanne, tarehe 5 Machi 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Jumapili iliyofuata, gari la karakana lilituletea jeneza lenye vishikio vya kung’aa. Baba mdogo akasema, “Pokeeni! La kifahari, tena la bure, mnaringia nini?” Fundi mmoja aliyelishika akainamisha kichwa. “Dada, tumelitengeneza jana. Jumamosi. Tumeambiwa tunamtolea marehemu.”

Jamani, uroho huu hauna hata haya ya msiba?

Wifi yangu alifuta machozi akasema, “Geuzeni gari. Mume wangu hakuyakalia mabenchi ya bosi, leo nimlaze kwenye sanduku lake?”

Jumatatu jioni mafundi wale wale walitengeneza hili mnaloliona, uani kwetu, kwa mbao tulizonunua. Walipokataa ujira, wifi aliwabwagia pesa juu ya meza ya kuranda: “Shikeni! Mnataka asimame mpaka kaburini?” Wakapokea, mmoja mmoja, wakilia.

Marehemu ameacha mama, mjane, watoto wanne, wajukuu, sisi ndugu zake, na mafundi wenzake. Hao wameniomba nisome hapa, bosi akiwa kiti cha mbele anasikia, kwamba Jumamosi hii hawaendi kazini.

Kaka, sanduku lako limelipiwa. Umesimama vya kutosha. Jinyooshe sasa, upumzike kwa amani.